Saini Niliyomnyima Hamisi

Mlinzi alitoka kibandani akiwa na nyundo mkononi, na hilo ndilo lililonifanya nizime injini kabla sijaambiwa. Walinzi wa mageti ninayopita siku hizi hutoka na simu, au hutoka na kioo cha kuchungulia chini ya gari, au hawatoki kabisa, wanapunga mkono tu kutoka kivulini. Nilikuwa nimepeleka nondo kwenye ghala jipya huko Msalato, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu ila miiba, mbuzi na mnada wa Jumamosi, na sasa kila mwenye uwezo anajenga kwa sababu ya uwanja wa ndege. Ilikuwa saa tisa alasiri. Upepo wa Agosti ulikuwa unachota vumbi jekundu na kulimwaga juu ya kila kitu bila kuchagua. Mlinzi hakunisalimu. Alianza kugonga matairi ya tela langu moja baada ya jingine, na kila alipogonga aliinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza hodi inayopigwa nyumba ya pili. Alipofika nyuma kabisa alichuchumaa, akachungulia katikati ya matairi mawili yaliyobanana, akasema bila kupaza sauti, "Una jiwe hapa."

Nilimjua kwa nyundo kabla sijamjua kwa uso. Katika miaka yangu zaidi ya ishirini ya barabara nimemwona dereva mmoja tu aliyesikiliza tairi kwa namna ile, na nililala naye chumba kimoja karibu mwaka mzima. Aliposimama na kunigeukia, kofia yake ilikuwa imevutwa chini upande wa kushoto, na chini ya kofia jicho la kushoto lilikuwa limefumba kama dirisha la nyumba isiyo na mtu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Haukufungua. Nimesikia watu wakisema kwamba ya zamani huwarudia na harufu ya mvua au na wimbo fulani. Mimi yalinirudia na mlio wa chuma kwenye mpira, nikabaki kwenye kiti, mwanamume mzima mwenye mvi, nikiogopa kushuka ngazi tatu za kabini yangu mwenyewe.

Hamisi Idi na mimi tuliajiriwa siku moja, kwa sababu kampuni ile haikuwahi kuajiri dereva mpya mmoja. Ilichukua wawili wawili, na kila wawili waliitwa jozi. Mwenye kampuni alikuwa amechoka, hivyo ndivyo meneja alivyotueleza, akiwa amekaa nyuma ya meza yenye kioo ambacho chini yake alikuwa amepanga picha za malori kama watu wanavyopanga za watoto wao. "Mnakuja hapa hamjui hata kurudi nyuma na tela," alisema. "Mnajifunzia kwenye magari yetu. Mkishajua, mnakimbilia Dar kuendesha magari ya kwenda Zambia. Sisi si chuo." Dawa waliyoipata ilikuwa hii. Kila mmoja wetu alimdhamini mwenzake kwa saini. Leseni zetu halisi ziliwekwa katika bahasha moja ya kaki, bahasha ikafungiwa kwenye droo ya karani, Dada Rehema, nasi tukatembea na nakala zilizofunikwa kwa plastiki. Kabla miezi kumi na miwili haijatimia, hakuna aliyeweza kuondoka na leseni yake mpaka mwenzake asaini barua ya kumwachia. Na aliyesaini alishushwa kwenye gari siku hiyohiyo. Alirudi yadi kuosha malori na kujaza matairi upepo, akisubiri dereva mpya apatikane ili iundwe jozi nyingine, na miezi yake ilianza kuhesabiwa upya tangu wa kwanza. Meneja hakuhitaji kutukataza kuondoka. Alituachia tukatazane wenyewe.

Wakati ule sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeosha malori ya watu miaka miwili nikisubiri kukabidhiwa usukani, na siku ile ningesaini hata karatasi tupu. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya Dada Rehema, bega kwa bega, kila mmoja akijaribu kuona saini ya mwenzake inafananaje.

"Kaka, hii ni ndoa," Hamisi alisema. "Sasa mahari katoa nani?"

Dada Rehema hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Ndoa ina talaka," alisema. "Saini hapo chini, kwenye nukta nukta."

Tulicheka mpaka tukatoka nje. Nakumbuka kicheko kile kuliko ninavyokumbuka siku niliyoendesha kwa mara ya kwanza.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akifagia uwanja wake mara tatu kwa siku na kushindwa mara tatu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, tukaliziba kwa magazeti ili vumbi lisiingie, na vumbi likaingia. Magodoro mawili, jiko la mkaa, sufuria mbili, msumari mmoja ukutani ambao Hamisi alitundika kanzu yake na mimi nikatundika jaketi langu juu ya kanzu, naye akaliondoa na kulitandaza kwenye godoro langu kwa adabu, kila siku, bila kusema neno, mpaka nikatafuta msumari wangu. Yeye alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, mtu wa maharage na asali. Mimi ni Mgogo, na nilipika mlenda. Mara ya kwanza aliuvuta mlenda kwa tonge, ukavutika, ukakataa kukatika, akasimama nao kutoka kwenye mkeka.

"Mgogo, hiki chakula au gundi ya matairi?"

"Kula. Kitashuka chenyewe, hakina breki."

"Ndiyo ninachoogopa," akasema, akala, akaomba tena. Baada ya mwezi yeye ndiye aliyekuwa akienda Majengo kununua mlenda mkavu, akibishana na akina mama wauzaji kuhusu ubora wake kana kwamba amezaliwa nao. Alikuwa na mke, Zaituni, aliyebaki Kondoa akiwa mjamzito, na mpango wake wote wa maisha aliweza kuusema kwa pumzi moja: amalize mwaka, apate gari zuri, amlete Zaituni karibu. Nyundo yake ilikaa chini ya mto. Nilimwuliza anamwogopa nani. Alisema hamwogopi mtu, ila nyundo ikilala garini mafundi wa yadi wataichukua, na sikio lake limeshaizoea sauti yake.

Tulibeba alizeti na mahindi kutoka Manyoni na Singida kuja kwenye maghala ya Majengo, na tulirudi tumebeba saruji. Jozi ilisafiri pamoja, gari moja mbele, jingine nyuma, bila kupotezana machoni. Huo nao ulikuwa utaratibu wa kampuni. Tulibadilishana Kintinku, kwa Mama Neema aliyeuza chakula kando ya barabara. Aliyekuwa nyuma akapita mbele, na aliyekuwa mbele akaenda nyuma kula vumbi, maana mwaka ule lami ilikuwa bado inajengwa na sehemu kubwa ya njia ilikuwa michepuko na kokoto zilizomwagwa bila kushindiliwa. Kokoto moja ya ukubwa wa yai ikiingia katikati ya matairi mawili ya nyuma hubanwa pale, huzunguka na gari, na siku gari likishika kasi huruka kama imetupwa kwa kombeo. Anayelipia jiwe hilo si wewe. Ni anayekufuata. Kwa hiyo kila tuliposimama Hamisi alizunguka na nyundo na kipande cha chuma, akagonga matairi yake, kisha akaja kugonga yangu. "Lameck, una jiwe," angesema, na kabla sijamaliza kuteremka alikuwa amelitoa. Mimi niliagiza chakula. Tuligawana hivyo bila kukubaliana: yeye masikio, mimi tumbo. Katika miezi tisa sikumbuki kuchuchumaa nyuma ya gari langu hata mara moja, na hakuna aliyeniambia kwamba huko ni kutojua kazi, kwa sababu mwenzangu aliijua kwa ajili yetu sote wawili.

Mwezi wetu wa sita kazini kioo cha mbele cha gari lake kilipasuka. Mwanzoni ulikuwa mstari mmoja, kisha mstari ukazaa, na siku moja vipande vikaanza kumdondokea mapajani kila alipopita shimo. Meneja aliagiza kioo kitolewe chote na safari ziendelee, kingine kinakuja kutoka Dar. Hamisi akanunua miwani ya plastiki ya mafundi wa kusaga chuma, akajifunga kitambaa puani, akaendesha hivyo, uso wazi, upepo wote wa nyanda hizi ukiingia kabini kwake kama unaingia kwake nyumbani. Alipofika Majengo alikuwa mwekundu mzima isipokuwa duara mbili kuzunguka macho. Wapagazi walimwita Rubani. "Rubani katua," walipiga kelele, "shusheni abiria." Alicheka nao. Lakini kila Jumatatu alipita dirishani kwa Dada Rehema.

"Kioo changu, dada?"

"Kipo njiani, kaka."

"Njiani wapi? Hiyo njia si naipita mimi."

Mwezi wetu wa tisa ilikuja nafasi. Mtu wa kwao Kondoa aliyekuwa akiendesha magari ya Zambia kwa kampuni moja ya Dar alimletea habari kwamba wanamtaka dereva mmoja, mwezi huohuo, aje na leseni halisi na barua ya kuachiwa na kampuni yake ya kwanza. Hamisi hakuniambia chumbani. Alisubiri Jumamosi, akanipeleka mnada wa Msalato kula nyama, hatua chache, nadhani, kutoka mahali geti lile lilipo sasa. Tulikaa kwenye benchi la magogo, mbuzi wa kuchoma amekatwakatwa juu ya ubao mbele yetu, chumvi kwenye kisahani, ng'ombe wanalia upande wa pili wa ua. Benchi la nyuma yetu walikaa madereva wazee wa kampuni yetu, nao walikuwa katika mazungumzo yao ya kila Jumamosi, nani kaondoka na nani hataondoka kamwe. Mzee Ngoda, aliyekuwa ameacha kazi mwezi uliopita, alikuwa akisimulia.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Siku nakwenda kuaga, meneja ananiuliza, wewe jina lako nani vile?"

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia la mdogo wangu. Liandikwe hilohilo."

Walicheka. Hamisi alikuwa amegeuza shingo akisikiliza, na waliponyamaza akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Dada Rehema alikuwa ameshaipiga chapa. Upepo ukaidaka, akaiwahi, akaitandaza juu ya ubao na kuibana kwa kisahani cha chumvi. Niliona jina langu chini, na nukta nukta.

"Nafasi ni moja," alisema. "Ingekuwa mbili tusingekuwa tunaongea hapa, tungekuwa tunafunga mizigo."

"Nikisaini wananishusha."

"Najua."

"Miezi yangu tisa inakuwa sifuri, Hamisi. Narudi kuosha magari."

"Najua, kaka. Nisingekuomba kama ningekuwa na njia nyingine. Nikifika kule, nafasi ya kwanza kutokea ni yako. Nitakusemea mpaka wachoke."

"Ngoja miezi mitatu. Tutoke wote, vichwa juu."

"Mwezi huu ndio wanamtaka. Baada ya hapo watachukua mwingine." Alikuwa anauangalia ubao, si mimi. "Sina kioo, Lameck."

"Kinakuja," nilisema.

Nilisikia kinywa changu kikisema neno la meneja kwa sauti ya meneja. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilikataa kwa sababu ya yadi, na ni kweli niliiogopa yadi, ule mpira wa maji baridi na zile kelele za mafundi. Lakini mtu aliyekaa peke yake kabini nusu ya maisha yake hupata muda wa kujisikiliza, na nimejisikiliza vya kutosha. Sikutaka aondoke kabla yangu. Nilitaka awepo nyuma yangu, akila vumbi langu, akinitolea mawe, akinunua mlenda, mpaka siku mimi nitakapokuwa tayari. Hicho ndicho nilichokiita urafiki, pale kwenye ubao, nikiwa na mafuta ya mbuzi kwenye vidole.

Hamisi hakubisha. Aliinua kisahani, akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni. Kipande cha ini kilikuwa kimebaki, na ini lilikuwa langu siku zote kwa sababu yeye hakulipenda. Akanisogezea. "Kula," alisema, "linapoa." Nikala.

Baada ya siku ile chumba hakikuwa na ugomvi. Nadhani ugomvi ungetusaidia. Aliendelea kunisalimu, kuniachia maji ya kuoga, kuamka alfajiri na kuswali taratibu asiniamshe. Sufuria zilibaki mbili lakini kila moja ikawa na mwenyewe. Na aliacha kitu kimoja barabarani: aliacha kugonga matairi yangu. Aligonga yake, akachungulia, akatoa mawe yake, akarudisha nyundo chini ya kiti. Nilimwona akipita kando ya gari langu bila kugeuza shingo, na kila mara nilijiambia kituo kinachofuata nitamwomba nyundo. Ni neno dogo kuomba nyundo. Nililibeba kinywani wiki saba.

Siku ya mwisho tulikula perege wa Bahi kwa Mama Neema, na ugali wa mtama. Yeye alikuwa upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine, na katikati chupa ya maji ambayo kila mmoja alisubiri mwenzake aichukue. Mama Neema alisimama na mwiko wake akatutazama.

"Leo mmekaa kama watu waliofiwa. Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama," Hamisi alisema.

Akamaliza kula. Akaenda kugonga matairi yake, akarudi, na badala ya kuipeleka nyundo garini akaiweka juu ya benchi, kando ya sahani yangu. Kisha akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana kwa mtu aliyekuwa ameshanawa. Niliitazama nyundo. Mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa jasho la kiganja chake, na niliona kwamba nikiishika nitakuwa nimekiri kitu mbele ya mwanamke yule na mwiko wake, mbele ya barabara nzima. Nikajimiminia maji. Hamisi alirudi, akaitazama nyundo palepale alipoiacha, akaichukua. Zamu ya kutangulia ilikuwa yangu.

Tulikuwa tumevuka kokoto zote, njia imekuwa laini, na nilitaka kufika Majengo kabla maghala hayajafungwa. Nikabadilisha gia, nikaongeza mwendo. Hatukuwa tumepishana na gari lolote kwa muda mrefu. Mbele kulikuwa na anga tupu na mstari wa umeme. Kuna mlio niliousikia nyuma yangu, mdogo, kama mtu anayevunja kidole. Kwenye kioo cha pembeni niliona gari la Hamisi likipunguza mwendo. Halikuyumba. Liliingia pembeni vizuri kama katika mtihani, likasimama, na aliwasha hata taa ya kuonyesha kwamba anaegesha. Nilipopanda kabini kwake nilimkuta mikono yote miwili ipo kwenye usukani. Miwani ya plastiki ilikuwa imeingia ndani ya uso wake upande wa kushoto.

"Nizimie gari," alisema. "Sioni funguo ipo wapi."

Jicho halikuokolewa. Siku ya nne nilimpelekea uji wodini, nikakaa kwenye kiti cha chuma kati ya kitanda chake na cha mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza redio ndogo akiwa ameiegemeza shavuni. Nilimnywesha. Alikuwa amefungwa uso wote, macho yote mawili, hivyo sikulazimika kuonwa.

"Lameck. Uliangalia matairi Kintinku?"

"Niliangalia."

Redio ya mzee ilikuwa inatangaza vifo.

"Itakuwa lile lori tulilopishana nalo," nilisema. "Lilikuwa linakimbia sana."

Aliinamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Nilikifahamu kichwa kile kikiinama hivyo.

"Mimi sikulisikia," alisema. Akageukia ukuta, na sikusikia neno jingine kutoka kwake mwaka ule.

Meneja alikuwa ameshaandika maelezo niliporudi yadi. Yalisema jiwe lilirushwa na lori lisilofahamika lililokuwa likielekea Singida, na kwamba kioo cha mbele kilivunjika katika ajali hiyo. Palihitajika saini ya mwenza. Alinielewesha kwa upole, akinisogezea soda. Ikiwa ni lori lisilofahamika, hakuna wa kulaumiwa, na Hamisi atatafutiwa kazi ya kukaa yadi. Ikiwa ni vinginevyo, watauliza mambo mengi, kuhusu kioo, na pia kuhusu nani alikuwa mbele. "Wewe ni kijana mwenye akili," alisema. Nilitafuta nukta nukta, nikasaini. Mkono ulioshindwa kuandika jina langu kwenye ubao wa Msalato uliliandika pale, na nikamaliza soda.

Mwaka ulipotimia Dada Rehema alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki, akanipa leseni yangu. Ya Hamisi ilibaki ndani. Niliiona pembe yake. "Na hii?" niliuliza, sijui kwa nini. Akaifunga bahasha. "Hii haina pa kwenda," alisema, na kwa mara ya kwanza aliinua macho akanitazama, akanitazama mpaka nikaondoka. Hamisi alikuwa yadi siku hiyo, kitambaa cheupe kichwani, akijaza tairi upepo. Nilitokea mlango wa nyuma, kwa mafundi. Nilikwenda Dar, kwenye kampuni ileile iliyokuwa ikimtaka, kwa sababu yule mtu wa Kondoa alikuwa ameniona mara mbili tatu na hakujua kitu. Walikuwa na nafasi. Walinipa gari lenye kioo kisicho na hata mkwaruzo, na siku ya kwanza niliendesha mpaka Chalinze nikilia, kisha nikaacha kulia, kisha nikazoea.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, Tunduma, Mbeya, kwenye foleni za mpakani, na kila nilipokisimulia kilikuwa kisa cha meneja katili na jozi zake. Watu walitikisa vichwa. Vijana waliniuliza kama waache kampuni zao za kwanza au wavumilie, nami niliwajibu kama mtu aliyeonewa na akatoka salama. Kampuni ile ilikufa zamani, yadi yake imejengwa fremu za maduka. Meneja amekufa. Nimebaki bila mtu wa kumsukumia lawama.

Nilishuka ngazi tatu. Alikuwa ameshalitoa jiwe kwa kipande cha chuma, amelishika kiganjani, jeupe, la ukubwa wa yai. Nyundo ilikuwa kwapani.

"Hamisi," nilisema.

"Mzigo gani?"

"Nondo. Hamisi, ni mimi."

"Wanapokea mpaka saa kumi," alisema. "Una bahati." Sauti yake haikuwa na hasira, na niliitafuta hasira pale kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Zaituni hajambo?"

"Hajambo. Ana wajukuu."

Aliingia kibandani, akatoka na kitabu cha wageni, akakiweka juu ya bati la dirisha. Upepo ukafunua kurasa, ukazirudisha nyuma, siku baada ya siku za watu waliopita geti lile. Akautafuta ukurasa wa leo, akaubana kwa jiwe. Akaniandikia mwenyewe namba ya gari na jina langu lote, la kwanza na la pili, bila kuniuliza. Kisha akanipa kalamu na kuweka kidole kwenye nafasi iliyobaki.

"Saini hapa."

Nilisaini. Aliinama akaitazama saini kwa karibu, kwa lile jicho moja, kichwa kimeinama kulia. Halafu akatazama saa yake ili aandike muda wa kuingia.

"Haijachukua hata dakika," alisema, akalichukua jiwe, akaenda kufungua geti.